Kuchakachua Chakula: Kinachoingia Sufuriani na Kinachobaki Mwilini



Divai ya Misa hainunuliwi popote tu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 924, inataka mkate uwe wa ngano tupu na uliotengenezwa karibuni, na divai iwe ya asili, ya tunda la mzabibu, isiyoharibika. Hati ya Redemptionis Sacramentum ya mwaka 2004 ikaenda mbali zaidi: kutia matunda, sukari au asali katika mkate wa Ekaristi ni kosa zito. Juni 2017 idara ya Vatikano inayosimamia Ibada na Nidhamu ya Sakramenti iliwaandikia Maaskofu kuwakumbusha jambo hilo hilo, kwa kuwa siku hizi mkate na divai vinauzwa hata madukani na mtandaoni, na si rahisi kumjua aliyevitengeneza. Ndiyo maana sakristani anasoma lebo ya chupa kabla ya kuifungua.

Kisha tunatoka sakristia, tunakatiza uwanja, tunaingia jikoni. Hapo kuna dumu la mafuta ya kula la lita ishirini lisilo na lebo. Kuna mfuko wa binzari iliyopimwa kwa kijiko sokoni. Kuna unga, na anayejua ulisagwa kwa mahindi ya nani ni mwenye mashine peke yake. Kuna dagaa kutoka ziwani wenye mchanga kiasi cha kutosha kusugulia sufuria. Hatuna hakika na hata kimoja, na tunakula vyote.

Makala hii inahusu pengo hilo. Tunaandika kutoka Litembo, katika milima ya Umatengo, ambako wengi wetu tunakula tulichokilima wenyewe na kwa hiyo tunajiona tuko salama. Tutaonyesha kwamba usalama huo upo, ila si kwa kiasi tunachofikiri.

Neno lenyewe

Kiswahili chetu cha Tanzania kina neno zuri kwa jambo hili baya: kuchakachua. Lilishika kasi miaka ya 2010 na 2011, wakati wafanyabiashara walipokuwa wakichanganya mafuta ya taa na dizeli au petroli na magari yakazimika njiani. Mafuta ya taa yalikuwa na kodi ndogo, dizeli ilikuwa na kodi kubwa, na tofauti hiyo ndiyo iliyokuwa faida ya mchakachuaji. Serikali iliweka vinasaba katika mafuta ili yatambulike yakichanganywa, kisha katika bajeti ya 2011/12 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa. Maskini wenye koroboi waliumia, hilo lisifichwe, lakini faida ya kuchanganya ikaondoka na mchezo ukapungua sana.

Tunalikumbusha hilo kwa sababu linafundisha namna uchakachuaji unavyofanya kazi. Mahali popote penye vitu viwili vinavyofanana kwa macho, kimoja ghali na kingine rahisi, na mnunuzi hana kipimo, mtu atakuja kuvichanganya. Katika chakula anaweza kufanya mambo matatu. Anaongeza kitu cha bei ndogo: maji katika maziwa, sukari iliyochemshwa katika asali, mahindi yaliyokaangwa katika kahawa ya kusaga. Au anaondoa kilicho bora, kama anayeengua mafuta ya maziwa na kuuza yaliyobaki kwa bei ile ile. Au anaficha uharibifu, kama anayepaka nyama iliyochacha dawa ili irudie wekundu. Julai 2019 kituo cha televisheni cha NTV nchini Kenya kilirusha uchunguzi juu ya kemikali ya sodiamu metabisalfaiti kutumiwa kufanya nyama ya siku nyingi ionekane mpya, na mabucha ya Nairobi yakapoteza wateja kwa muda.

Si kila uchakachuaji unadhuru afya. Mchele wa kawaida ukiuzwa kwa jina la mchele wa Kyela, umeibiwa fedha lakini tumbo halina neno. Mchanga katika dagaa ni wizi wa uzito na kero ya meno. Kahawa ya kusaga iliyochanganywa na mahindi nayo haiui mtu, ingawa kwetu Mbinga, ambako kahawa ndiyo iliyojenga nyumba na kusomesha watoto, kunywa mahindi tukidhani ni kahawa ni aibu ya aina yake.

Mchakachuaji hajui anachochanganya

Tatizo kubwa zaidi, kwa maoni yetu, ni kwamba anayechanganya huwa hajui vizuri anachokitia. Anajua kuwa ni rahisi na kinafanana na kile cha kweli. Zaidi ya hapo hajui.

Mfano wa kale unatoka Bradford, Uingereza, mwaka 1858. Sukari ilikuwa ghali, na watengeneza peremende walizoea kuichanganya na unga wa jasi, ule wa kupiga lipu. Siku moja mtu aliyetumwa kuununua kwa mwuza dawa akapewa kwa makosa unga mwingine mweupe, nao ulikuwa aseniki. Peremende zikapikwa, zikauzwa sokoni, na watu wapatao 20 wakafa, wengine karibu 200 wakaugua. Hakuna aliyekusudia kuua. Walikusudia kuiba kidogo tu, kama kila siku. Kisa hicho ni moja ya sababu za Uingereza kutunga sheria ya kwanza dhidi ya uchakachuaji wa vyakula mwaka 1860.

Mfano wa karibuni ni China mwaka 2008. Maziwa yalikuwa yakitiwa maji, na kwa kuwa kiwanda kilipima protini kwa kupima naitrojeni, wachanganyaji wakaongeza melamini, kemikali inayotumika katika plastiki, yenye naitrojeni nyingi. Kipimo kikadanganyika. Figo za watoto hazikudanganyika: takriban watoto 300,000 waliugua, na serikali ilikiri vifo sita.

Katika viungo hali ni hiyo hiyo. Bangladesh wafanyabiashara walizoea kung'arisha manjano kwa rangi ya viwandani ya njano yenye madini ya risasi. Risasi ikiingia kwa mtoto inapunguza uwezo wa ubongo, na haileti homa wala kuhara. Mtoto anakuwa mzito darasani tu, na wazazi wanasema amerithi kwa babu. Mwaka 2019 watafiti walipima manjano ya masokoni na kukuta risasi katika asilimia 47 ya sampuli. Serikali ikatangaza hatari hiyo, ikawakamata na kuwatoza faini wauzaji mbele ya wenzao, na kufikia 2021 sampuli zenye risasi zilikuwa sifuri. Tumeandika habari hii kwa makusudi, kwa sababu wengi tunaongea juu ya uchakachuaji kama mvua ya mawe, jambo lisilozuilika. Miaka miwili ilitosha.

Mafuta ya kula yanastahili neno lake. Mashirika ya umeme ya Kenya na Tanzania yamelalamika mara nyingi juu ya wizi wa mafuta ya transfoma, na zimekuwepo taarifa kwamba baadhi yake huishia kwenye makarai ya chipsi, kwa kuwa hukaa muda mrefu bila kuungua. Hayo ni mafuta ya kupoza mitambo, na yale ya zamani yaweza kuwa na kemikali zinazohusishwa na saratani. Hatusemi kwamba chipsi za Mbinga mjini zinakaangwa hivyo. Tunasema kwamba dumu lisilo na lebo halitakuambia.

Mahindi yetu

Hapa ndipo tunapotaka kukaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo tulipo. Mkoa wa Ruvuma unalisha nchi. Magunia yanashuka kutoka vijijini kwenda Songea na kutoka hapo kwenda mbali. Sasa, kila kaya inayovuna inafahamu aina tatu za mahindi: yale mazuri ya kuuza, yale ya kula nyumbani, na yale yaliyooza, yenye ukungu wa kijani, kijivu au waridi, mepesi mkononi. Swali ni hili: yale ya tatu huenda wapi?

Majibu yanajulikana. Mengine huenda kwa kuku na nguruwe. Mengine hukobolewa na kuchanganywa na mazuri, kwa kuwa yakishakuwa unga mweupe hakuna atakayejua. Mengine mengi huenda kwenye pombe. Tunaposema "haya yafaa pombe tu," tunadhani tumetumia akili, hatujatupa kitu. Kumbe tumechakachua, maana tumechukua kilichoharibika tukakiweka mahali ambapo mlaji hawezi kukiona.

Ukungu unaotisha zaidi ni ule wa jamii ya Aspajilasi, unaotoa sumu iitwayo aflatoksini, sumukuvu inayojulikana kuliko zote. Iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya laki moja kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kulishwa mashudu ya karanga. Sumu hii haina rangi, haina harufu, na moto wa kawaida wa jikoni hauiondoi. Ugali ukiiva, sumu imebaki. Pombe ikichacha, sumu imebaki. Ukungu ukifutwa kwa kitambaa, sumu imekwisha kuingia ndani ya punje.

Mwilini inakwenda kwenye ini. Ikiwa nyingi kwa muda mfupi, mtu hutapika, tumbo humwuma na kujaa maji, macho huwa ya njano, na anaweza kufa katika siku chache. Ndivyo ilivyotokea mashariki mwa Kenya mwaka 2004, kule Makueni na Kitui na jirani zake: wagonjwa 317, vifo 125. Ndivyo ilivyotokea kwetu mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambako waliugua watu 68 na 20 wakafariki. Mwanzoni wengi hawakujua ni ugonjwa gani. Ulikuwa katika mahindi ya nyumbani kwao, si ya dukani.

Ikiwa kidogo kidogo kwa miaka, haionekani kabisa. Inafanya kazi polepole kuelekea saratani ya ini, na kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B hatari hiyo huongezeka mara nyingi. Sumukuvu zimehusishwa pia na kudumaa kwa watoto, ambao chakula chao cha kwanza kwetu ni uji, na mara nyingi mama mwenye bidii huuongezea karanga. Karanga nazo ni nyumba ya pili ya ukungu huo. Inauma kusema, lakini uji wa lishe uliotengenezwa kwa karanga na mahindi yasiyochambuliwa unaweza kuwa mbaya kuliko uji mtupu.

Wengine watasema: Litembo kuna baridi, Aspajilasi hupenda joto na ukame. Ni kweli. Ila katika baridi na ukungu wa milima yetu, mahindi yakikaa shambani yakinyeshewa, hushika jamii nyingine iitwayo Fusari, mara nyingi yenye rangi ya waridi au nyeupe, nayo hutoa sumu yake, fumonisini. Hiyo imehusishwa na saratani ya koo la chakula na na kudumaa vilevile. Kila upande wa kilima una mgeni wake.

Chungu cha pombe

Mwaka 2015, mwezi Januari, ng'ambo ya mpaka wetu, katika mji mdogo wa Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu walitoka mazikoni wakanywa pombe ya kienyeji. Wanaiita hivyo hivyo, pombe. Katika siku chache walikufa watu 75, na wengine zaidi ya mia walilazwa. Uvumi ulioenea haraka ulikuwa kwamba mtu ametia nyongo ya mamba, na sisi tunaofahamu maneno ya mazikoni tunaweza kufikiria macho yalimgeukia nani. Mwenye kuipika naye alikuwa miongoni mwa waliokufa.

Uchunguzi wa maabara uliochukua muda mrefu ulikuta kitu kingine kabisa. Bakteria aitwaye Burkholderia gladioli alikuwa amestawi na kutoa sumu kali iitwayo asidi ya bongkreki, inayozuia chembe za mwili kupata nguvu. Sumu hii nayo haina ladha wala haiondolewi na moto. Pombe yenyewe ilikuwa ya unga wa mahindi. Hakuna mchawi, hakuna mamba.

Tunataka msomaji aone matokeo ya kutojua. Tusipoeleza sumu inatokea wapi, watu watatafuta mtu wa kumlaumu, na katika kijiji mtu huyo hupatikana upesi, mara nyingi bibi kizee anayeishi peke yake. Wanaojiandaa kwa upadre watakutana na kisa cha namna hii parokiani, kama si leo basi kesho, na watahitaji kuwa na jibu lingine zaidi ya maji ya baraka.

Kuhusu gongo tutasema kwa ufupi. Pombe kali inayouzwa kwa siri huongezewa nguvu na spiriti ya viwandani, methanoli, ambayo kwa ladha ni vigumu kuitenganisha na pombe ya kawaida. Mwili huigeuza kuwa asidi inayoharibu mshipa wa macho. Dalili huchelewa saa nyingi: kichwa, kichefuchefu, kuona ukungu au theluji mbele ya macho, kisha giza. Mei 2014 makumi ya watu walikufa katika kaunti kadhaa za Kenya, na baadhi ya waliopona walibaki vipofu. Anayelalamika macho baada ya kunywa asilazwe "apumzike". Apelekwe hospitali usiku huo huo, kwa sababu tiba ipo lakini huwahi au huchelewa. Kwa wanaoishi huku juu, hospitali ya Jimbo iko hapa hapa Litembo.

Muhogo wa pwani ya ziwa

Ukishuka kutoka milimani kwenda Mbamba Bay, Liuli na Lituhi, ugali hubadilika kuwa wa muhogo, na mboga ni dagaa. Muhogo mchungu una kemikali inayozaa sianidi. Wazee walijua hilo bila maabara, wakaweka utaratibu: kuloweka siku tatu au zaidi mpaka ulainike, kuanika, kutwanga. Utaratibu huo ndio kinga.

Njaa ikija, au bei ikipanda, siku tatu zinakuwa moja. Makopa yanatolewa majini mapema, yanakaushwa juani, yanaonekana meupe na mazuri, yanauzwa. Mnunuzi hana njia ya kujua yaliloweka siku ngapi. Je, huku ni kuchakachua? Hakuna kilichoongezwa. Lakini kazi iliyopaswa kufanywa imeondolewa na bei imebaki, na sisi tunaona ni udanganyifu ule ule.

Matokeo yake yana jina: konzo. Ni ugonjwa ulioelezwa na madaktari kwa mara ya kwanza huko Kongo mwaka 1938, na jina linatokana na lugha ya Wayaka, likimaanisha miguu iliyofungwa. Mtu, mara nyingi mtoto au mama kijana, anaamka asubuhi miguu yote miwili imekakamaa, na haitarudi kama ilivyokuwa. Tanzania imeushuhudia Tarime, imeushuhudia Mtwara, na wilaya ya Mbinga, wakati ule ikiwa bado na pwani yote ya Nyasa, imo katika kumbukumbu hizo. Hushambulia zaidi pale ambapo muhogo ni chakula pekee. Mwenye dagaa au maharage kila siku ana kinga fulani, kwa kuwa protini humsaidia mwili kuiondoa sianidi. Kwa hiyo kipindi ambacho nyavu hazileti kitu ndicho cha hatari.

Kuna njia rahisi iliyofundishwa na kutumika kusini mwa nchi yetu. Weka unga wa muhogo katika bakuli, tia alama ulipofikia. Ongeza maji huku ukikoroga. Kwanza unga utashuka, kisha utapanda. Ukifika tena kwenye alama, acha. Tandaza tope hilo jembamba juu ya mkeka, unene usiozidi sentimita moja, kwa saa mbili juani au tano kivulini. Sianidi hutoka kama hewa. Kisha pika ugali siku hiyo hiyo. Hakuna gharama yoyote, ila mkeka na subira.

Vipimo vya nyumbani, vya kweli na vya uongo

Karibu kila mtu anajua kipimo cha asali. Washa kijiti kilichochovywa. Dondoshea mchanga uone kama itanywewa. Angalia kama sisimizi wanaikwepa. Tunasikitika kusema kwamba vyote havitegemeki. Sukari iliyochemshwa ikawa nzito itafaulu, na asali halisi iliyovunwa kabla ya kukomaa, yenye maji mengi, itashindwa. Asali kuganda nayo si dalili ya sukari. Asali nyingi halisi huganda, hasa katika baridi kama ya kwetu. Njia ya kuaminika ni kununua kwa mrina asali unayemjua, ikiwezekana ndani ya sega.

Maziwa yana kipimo halali, laktometa, na si ghali sana kwa kikundi cha wafugaji. Maji yakiongezwa, kipimo huzama zaidi. Lakini mjanja huengua mafuta kwanza, jambo linalofanya kipimo kielee juu, kisha huongeza maji mpaka kirudi pale pale. Kwa hiyo laktometa humkamata mwizi mvivu tu. Na maji yenyewe yasiyochemshwa yanaweza kuwa na vimelea vya homa ya matumbo. Hapo ndipo maziwa ya maji yanapoacha kuwa suala la fedha.

Kwa mahindi, kipimo kizuri ni cha chumvi. Chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, acha yatulie kwa dakika chache. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi mno kuhifadhi, yarudi juani. Yakaushwe juu ya turubai au kichanja, si juu ya udongo. Yachambuliwe kwa mkono. Kuchambua na kukoboa hupunguza sumukuvu kwa kiasi kikubwa, ingawa hakumalizi. Mifuko isiyopitisha hewa husaidia, mradi mahindi yaingie yakiwa yamekauka. Yakiingia mabichi yatavunda.

Tangu Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula nchini uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kabla ya hapo ulikuwa kwa TFDA, ambayo sasa ni TMDA na imebaki na dawa na vifaa tiba. Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni aflatoksini isiyozidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja, na kwa ile kali zaidi, aina ya B1, isizidi 5. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kabla ya kulegeza masharti siku chache baadaye, na wafanyabiashara wetu wakaonja hasara ya jambo ambalo wengi walikuwa hawajawahi kulisikia. Karibu zaidi na sisi yupo afisa afya wa kata. Ukiwa na shaka na bidhaa, mpelekee pamoja na kifungashio chake. Malalamiko bila kifungashio ni hadithi.

Amri ya saba, na ya tano

Katekisimu inaweka udanganyifu wa biashara chini ya amri ya saba, na hapo ndipo waamini wengi huuungama, wale wanaouungama. Inataka pia kilichoibwa kirudishwe. Nabii Amosi, katika sura ya 8, anawakemea waliopunguza kipimo na kuuza makapi pamoja na ngano. Kumbe mchezo ni wa kale. Lakini kwa haya tuliyoyaeleza, tunaona kwamba chakula kikichakachuliwa kwa kitu kinachodhuru, jambo limevuka kutoka amri ya saba na kuingia ya tano. Na hapo kurudisha ni kugumu. Fedha ya maziwa ya maji inaweza kurudishwa. Ini halirudishwi. Mwungamishaji anayemsikiliza mwuza unga atafanya vizuri kuuliza swali moja zaidi.

Wanunuzi nasi tusijiweke pembeni. Tunataka mafuta ya bei isiyowezekana, na tunamsifu mwuzaji anayetupatia. Mama anayekataa kuchanganya anauza polepole, na jioni anarudi na ndoo nusu. Tumemwona.

Tumalizie na la nyumbani. Seminari huishi kwa mazao ya waamini, na tunashukuru kwa kila debe. Msimu mmoja yaliletwa magunia ambayo juu yalikuwa mahindi meupe kama meno, na chini, tulipomimina, yenye ukungu. Hatukujua yametoka kwa nani na hatukutaka kujua. Tuliketi sakafuni Jumamosi nzima, vijana kwa walezi, tukachambua, tukapata debe mbili za kutupa. Mpishi akataka apelekewe nguruwe. Tukamweleza kwamba sumukuvu huwadhuru nguruwe, bata na kuku vilevile, na ng'ombe akila hupitisha sehemu yake katika maziwa. Akatuangalia kwa muda, akasema basi yaende kwa jirani anayepika pombe, atatoa hela kidogo.

Tulichimba shimo nyuma ya bustani tukayafukia. Debe mbili za mahindi, na nje ya uzio kulikuwa na watoto wawili wakitutazama, bila kuelewa kwa nini watu wa Mungu wanazika chakula. Mmoja wa mafrateri alikwenda kuongea nao, akakaa muda mrefu.